Ng'ombe Wetu wa Ndanai

Mara ya kwanza nilipoambiwa kwamba sisi ni maskini, aliyeniambia ni mimi mwenyewe, tena kwa maandishi. Nilikuwa nimemaliza shule na nasubiri barua ya chuo cha ualimu, na katika kungoja huko nikapata kibarua cha kuandikisha mali za watu wa upande wetu wa Kimulot: nyumba ni ya bati au ya nyasi, chai ni ekari ngapi, ng'ombe ni wangapi. Nilipewa fomu, kalamu mbili na ubao wa kuandikia. Kiburi nilijipa mwenyewe.

Nyumbani kwetu nilikuacha mwisho. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya ghala, akanijibu kwa adabu kama anavyomjibu mgeni, mpaka tulipofika kwenye ng'ombe. Hapo alinitazama kana kwamba nimemuuliza kuhusu nguo zake za ndani.

"Si unawaona?" akasema.

Nikaenda zizini nikaangalia. Walikuwa wawili na ndama mmoja, na ndama hakuwa na nafasi kwenye fomu. Nikaandika wawili. Chini kabisa palikuwa na mahali pa maoni ya mwandikishaji, nami sikuwahi kuachiwa mahali pa maoni nikapaacha wazi, nikaandika: familia ya hali ya chini. Baba akaniambia nisome nilichoandika. Nikasoma. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, kisha akamwita mama kutoka kwenye michai: "Njoo usikie! Tumekuwa maskini. Binti yako ametuandika."

Niliona haya, maana nilijua nilichokosea. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti, na walio zizini si wote ulio nao. Mtu huweka ng'ombe kwa rafiki wa mbali, na rafiki huyo naye huweka wake kwako au kwa mwingine. Tunaita kimanagan. Maziwa ni ya anayetunza, mbolea ni yake, na siku moja atapewa mtamba wa shukrani. Lakini ng'ombe na uzao wake ni wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia Kimulot hautakumaliza, kwa sababu una ng'ombe Ndanai pia, kule chini kwenye joto. Jua likiwaka Ndanai hutamalizika, kwa sababu una wengine Kimulot. Mwenye ng'ombe wote zizini kwake ndiye wa kuhurumiwa: ama hana rafiki, ama hana akili. Hayo niliyajua tangu utoto, na bado niliandika wawili, kwa sababu fomu iliuliza na macho yangu yakajibu.

Wiki chache baadaye barua ya chuo ilifika, na karo ikatakiwa. Baba akatuma ujumbe Ndanai, kwa rafiki yake aliyekuwa akitutunzia ng'ombe mmoja mwekundu. Siku ya nne rafiki huyo alifika mwenyewe kwa miguu, akimswaga ng'ombe mwenye tumbo jeupe na pembe moja iliyopinda kuelekea jichoni. Sikuuliza mbona si mwekundu. Niliona ni mtoto wa yule mwekundu, na nilikuwa na haraka ya kununua sanduku la bati. Akauzwa sokoni, nikaenda chuoni.

Hiyo ndiyo hadithi niliyowafundishia watoto wa watu kwa miaka thelathini. Nilikuwa mwalimu wa historia, na kila mwaka tulifika kwenye somo lile la kwa nini nchi nyingine zilitajirika mapema na nyingine zikachelewa. Kitabu kilitaja makaa ya mawe, mashine, meli, benki, na sheria za kulinda mali. Mimi nilichora mstari wa utajiri wao ubaoni. Ulilala karne baada ya karne, kisha ghafla ukapanda kama barabara ya kwenda milima ya Mau. Halafu nikawaambia: sasa choreni wa kwetu. Wote walichora mstari uliolala, kisha chai ikaja, ukainuka kidogo. Sikuwalaumu, na chai siidharau. Ndiyo iliyoweka bati juu ya kichwa cha mama yangu na tangi la maji kando ya jikoni. Lakini nilipenda kuwauliza: na kabla ya chai, je, watu walikuwa wamelala kama huo mstari? Ndipo nikawasimulia ile fomu yangu na ng'ombe wetu wa Ndanai aliyenisomesha. Niliwaambia kwamba tulikuwa na benki inayokula nyasi na bima inayotoa maziwa, ila hakuna aliyejua kuichora. Walicheka, na wengine waliandika. Nilijiona nimesema jambo kubwa.

Mwaka huu, nikiwa nimeshastaafu na kurudi Kimulot kukaa na mama, simu ilipigwa kutoka Ndanai. Baba alikuwa ameshafariki, na rafiki yake pia. Waliobaki ni wajane wawili, mama yangu na mama wa kule. Aliyepiga ni mwana wa kule, mtu mzima mwenye kazi yake mjini Sotik.

"Mwalimu, habari ya huko? Sasa hivi, mimi nachukua mama aishi na sisi hapa taoni. Ile boma itabaki bila mtu, na shamba tunapanda miwa. Kwa hivyo mkuje mchukue ile ng'ombe yenu."

Nilifurahi. Kila mwaka tulipata salamu kwamba ng'ombe wenu hajambo, ng'ombe wenu amezaa, na mimi niliona ni jambo zuri sasa kwamba atakuja nyumbani, tupate maziwa. Nikampelekea mama habari alikokuwa.

Alikuwa kwenye michai. Ana umri ambao wenzake wengi wako kitandani, lakini kila asubuhi huchuma mistari miwili iliyo karibu na nyumba, anasema ili mikono isisahau. Mimi humsaidia, nami huchuma vibaya. Anachungulia kikapu changu, anatoa majani magumu na kuyatupa. "Majani mawili na chipukizi," huniambia. "Hayo mengine mpe mbuzi." Mwalimu mzima ninasahihishwa kila siku kabla ya chai ya saa nne.

Nilipomwambia habari ya ng'ombe, mikono yake ilisimama. Kwa Kipsigis chake cha polepole, ambacho hapa nakiandika kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza, alisema:

"Hatuna ng'ombe Ndanai."

Nikadhani umri umeanza kumchezea. Nikamkumbusha: yule mwekundu, kisha mwenye tumbo jeupe aliyenipeleka chuo, kisha uzao.

"Mwekundu alikufa," akasema. "Yule mwenye tumbo jeupe alikuwa wao. Nilimkamua mama yake kwa mikono hii. Mwenzangu wa Ndanai alipojifungua mtoto wake wa pili nilikaa kwake mwezi mzima nikimsaidia, na kila asubuhi nilikamua ng'ombe wake mwenye tumbo jeupe na pembe inayochungulia jicho. Siku ile baba yako alipoletewa ng'ombe, nilimtambua akiwa bado langoni."

Nikamuuliza kama baba naye alijua.

"Baba yako aliwajua ng'ombe kuliko alivyowajua watoto wake. Alinyamaza, nami nikanyamaza."

"Lakini kwa nini, mama?"

"Mtu akikupa kitu kwa siri, ukisema umejua, umemnyang'anya. Nilinyamaza kwa heshima." Akachuma chipukizi moja, akaliangalia, akaliweka kikapuni. "Lakini sasa anataka kunipa tena. Nikinyamaza mara ya pili ni wizi."

Hapo nikaelewa yale mablanketi. Kila mwaka bonasi ya chai ilipokuja, kabla ya sukari na kabla ya mbolea, mama alinunua blanketi zito na kulipeleka Ndanai. Mimi niliona ni ukarimu, na miaka mingine niliona ni ukarimu uliozidi.

Kwa siku mbili mama hakula vizuri. Jambo lenyewe lilikuwa gumu kweli. Akimkataa yule ng'ombe, atakuwa amemtukana mwenzake uzeeni, mbele ya mwanawe. Akimchukua, atakuwa amekula mara mbili kwenye sahani ya mtu. Na akisema ukweli, atakuwa amefunua kitu ambacho yule mwingine alikifunika kwa makusudi, na huenda wasiangaliane tena usoni. Kwa umri wao hakuna muda wa kugombana na kupatana. Mama aliogopa kumpoteza rafiki yake wa mwisho kwa sababu ya ng'ombe, na mimi niliogopa pamoja naye.

Siku ya tatu akasema twende tu, jibu atalipata njiani. Gari alitupatia jirani yetu mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wazazi wake walihamia huku kutoka upande wa kati wa nchi kabla hajazaliwa, na Kipsigis anakisema kuliko wapwa zangu wa Nairobi, ila akiwa na mama hupenda kusema Kiswahili, kwa sababu Kiswahili cha mama, chenye kugeuza g kuwa k na b kuwa p, kinamchekesha.

"Hii kari yako," mama akamuuliza, akiligusa gurudumu kwa fimbo, "itapepa ng'ombe?"

"Shosho, hii pikapu inabebanga simiti kila siku. Ng'ombe ni nini?"

Tulipita Mogogosiek, ukungu bado umelalia michai, tukateremka Sotik, na kadiri tulivyoshuka ndivyo kijani kilivyopungua na anga kupanuka. Njiani nilimweleza jirani habari ya kimanagan, maana alitaka kujua anaenda kubeba nini. Alisikiliza kama mfanyabiashara.

"Na agrimenti iko wapi?"

"Haipo."

"Shahidi?"

"Wamekufa."

"Hata kwetu walikuwa wanawekeana mbuzi hivyo," akasema. "Baba yangu alikuwa anasimulia. Mimi na fundi wangu tunaandikiana karatasi tatu na bado ananikimbia." Mama nyuma yetu hakucheka. Alikuwa amekumbatia kifurushi chenye blanketi la mwaka huu.

Boma la Ndanai lilikuwa limefagiliwa. Ng'ombe mwenyewe alikuwa amefungwa kwenye kivuli chembamba kando ya ghala, kwa kamba mpya. Tumbo jeupe. Pembe ya kulia ilikuwa imeanza kupinda. Nilimtazama mama, naye alikuwa ameshageuza uso.

Wale wazee wawili walisalimiana kwa muda mrefu, wameshikana mikono, kila mmoja akimwambia mwenzake amekonda. Tukapewa mursik, maziwa ya mgando, kutoka kwenye kibuyu, baridi, yenye vumbi la mkaa juu yake, na ugali wa wimbi. Mwana wa pale akaniambia ameshapata karatasi ya daktari wa mifugo ya kumsafirisha ng'ombe na twende mapema kabla ya mvua. Mama aliweka kikombe chini.

"Mwenzangu," akasema, "yule ng'ombe sitamchukua."

Mama wa Ndanai alishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Umetoka Kimulot kuja kunikataa?"

"Sikukatai wewe."

"Nimekutunzia miaka yote hii. Sikuchoka. Leo napelekwa taoni kukaa kwenye nyumba iliyo juu ya nyumba, nasema angalau nimalize vizuri na watu, na wewe unakuja kukataa ng'ombe wako mbele ya mtoto wangu?" Mwanawe alisimama. Jirani yetu aliinua kibuyu akakikagua kana kwamba ananunua. Mimi nikataka kusema kitu cha kialimu, nikashukuru Mungu sikukipata.

Mama alisema taratibu, "Nilimkamua nyanya wa nyanya yake. Mwezi ule ulipojifungua."

Yule mwingine alimtazama. Kisha mikono yake ikalegea kwenye fimbo.

"Ulijua?"

"Tangu yule wa kwanza alipofika langoni kwangu."

"Na hukusema."

"Na wewe hukusema."

Alianza kucheka mama wa Ndanai, cheko dogo la puani, na mama yangu akalidaka, na punde wote wawili walikuwa wanacheka na kufuta macho kwa ncha za vitambaa vyao vya kichwa, wakipigana vibao mapajani kama wasichana walioiba sukari. Mwana wa pale aliniuliza kwa macho. Nikamwonyesha mikono mitupu.

Kisha mama wa Ndanai akamtuma mwanawe ghalani alete kitu kilichokunjwa juu ya dari. Alirudi na ngozi. Ilikuwa imekauka, imelainika kwa moshi, na nywele zake bado nyekundu.

"Kila mtu anajua sheria," mama wa Ndanai akasema, na sasa alikuwa akiniambia mimi. "Ng'ombe wa watu akifia kwako, ngozi inarudi kwa mwenyewe, aione aamini. Yule wenu alikufa kwa kiangazi, na mzee wangu alikuwa ameshakunja ngozi ailete. Ndipo mtu wa baba yako akafika, akasema msichana amepata chuo, ng'ombe anatakiwa. Mzee akasema, basi nitapeleka ngozi, ndiyo haki. Nikamwambia: ngozi haisomeshi mtoto. Nikaenda zizini nikamfungua wangu, na tangu hapo mmoja wa wangu nikamwita wenu, msije mkajua."

Nililia. Nililia waziwazi, kamasi na yote, mbele ya muuza simiti. Miaka thelathini nimesimama ubaoni nikijisifu kwamba mali yetu ilikuwa imewekwa mahali salama, kumbe ilikuwa imekufa na ngozi yake imekaushwa. Kilichonipeleka chuo hakikuwa akiba ya baba yangu. Kilikuwa ng'ombe wa mwanamke aliyekuwa ameniona mara mbili tu. Nikapiga magoti nikamshika mikono nikamwambia kongoi, na neno lile la kushukuru, ambalo kwetu husemwa hata kwa mtu aliyekupisha njiani, likaonekana dogo. Akanipapasa kichwa. "Ulifundisha vizuri?" akaniuliza. Nikamwambia nilijaribu.

"Sasa," mwana wa pale akasema, "hii ng'ombe ni ya nani?"

"Mimi nimeshika usukani tu," jirani akajibu haraka.

Mama yangu alikuwa ameshaitandika ngozi mapajani, anaisugua kwa kiganja kufuata nywele. "Wetu ndiye huyu," akasema. "Amefika, nimemwona, nimeamini. Yule pale ni wa mwenzangu, na hana pa kukaa. Nitamweka kwangu. Maziwa ni yangu, mbolea ni ya michai yangu. Ndama ni wako, mwenzangu, na ukimtaka, tuma mtu."

Mama wa Ndanai aliwaza, akaangalia shamba lake litakalopandwa miwa, akaangalia ng'ombe wake. "Usimnyime chumvi," akasema. Mambo yakaishia hapo. Tukampakia kabla ya mvua, kwa kelele nyingi, na jirani aliapa kwamba simiti ina adabu kuliko ng'ombe.

Hiyo ilikuwa miezi mitano iliyopita. Ngozi iko kwenye kiti cha mama, anaikalia akichambua mboga. Kila Jumapili baada ya kanisa wanapigiana simu, na mazungumzo yote ni ya ng'ombe: amekula nini, amelala wapi, anatazama upande gani. Yule wa taoni anasema nyumba ya juu haina ubaya kama alivyodhani, ila huwezi kutema mate dirishani. Mimi nakunywa chai ya maziwa mazito na nimeanza kunenepa. Nina furaha, na sioni sababu ya kuificha.

Juzi alikuja bibi mmoja wa kilimo kusajili wakulima, na badala ya fomu ana tableti. Tulimkaribisha nje, kando ya zizi. Aliuliza ekari za chai, akaandika. Aliuliza maji, akaandika. Kisha akauliza, "Na ng'ombe, ni wangapi hapa?"

Ng'ombe alikuwa amesimama nyuma yake, karibu kumla kitambaa cha kichwa. Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi, kwa Kiswahili chake.

"Hakuna."

Bibi wa kilimo akageuka, akamwona ng'ombe, ng'ombe akamwona. "Na huyu, mama?"

"Huyo ni wa Ndanai."

Akaniangalia mimi, msomi wa nyumba, nimsaidie. Nilikumbuka ubao wangu wa kuandikia na kalamu zangu mbili.

"Andika vile mama amesema," nikamwambia.

Akaandika sifuri.